Sumu Tuliyoiona kwenye Taulo

Nimestaafu nikiwa na mikono laini kuliko ya binti zangu, na wanaosema nilikuwa mvivu hawajui kazi niliyoifanya. Kwa miaka kumi na moja nilikuwa nawatoa watu jasho bila wao kushika jembe. Chekeni tu, wanangu. Hata baba mkwe wangu kule Endamarariek alicheka mpaka akashika ukuta. Nilimweleza kwamba wageni wanapanda ndege kwao, wanavuka bahari, wanafika Karatu, wanaingia kwenye sanduku la mbao, wanakaa kimya, wanatoka jasho, wanafurahi. Akafuta machozi, akaniambia, "Waambie nina shamba la maharage ya ngwara halijapaliliwa. Jasho la kule lipo mpaka jioni, na hawatasubiri zamu."

Nawaandikia ninyi mnaosomea mambo ya hoteli, na ninyi mlioajiriwa juzi kwenye lodji zilizopanga mstari kuelekea geti la Ngorongoro. Naona siku hizi kila lodji ina sauna, na kila sauna ina binti aliyevaa sare safi akisema maneno aliyokaririshwa. Nami niliyasema hayo maneno. Niliyasema vizuri kuliko wote. Ndiyo maana nataka mnisikilize.

Nilianza kwa kufulia. Miaka mingi nilikuwa na mashuka, pasi na stimu, na mlima Oldeani nikiuona dirishani asubuhi ambazo ukungu ulikubali kuondoka. Siku moja likaja lori kutoka Arusha na sanduku kubwa la mbao nyekundu nyekundu, lenye mlango wa kioo na benchi ndani, nafasi ya watu wawili. Wanaume wanane walilibeba wakitukanana. Walipolitua nyuma ya bustani, mpishi wetu, Mkatoliki kama mimi, alilizunguka mara mbili, akachungulia ndani, akatangaza kwa uhakika wote: "Hiki ni kiti cha kuungamia. Wageni wanataka kuungama kabla ya kushuka kreta, maana kule kuna simba." Tukaona ana akili sana. Mmoja wetu alipiga ishara ya msalaba.

Meneja wetu, Bwana Kimaro, mtu mwembamba aliyetembea kana kwamba simu inamwita kila saa, akatukusanya kantini. Akauliza, "Nani hapa haogopi joto?" Mimi nikanyoosha mkono. Nilidhani anazungumzia chumba cha pasi. Akasema, "Safi, Mama Daudi. Kuanzia leo wewe ni wa sauna." Hivyo ndivyo nilivyopata cheo, kwa kutosikia swali vizuri.

Mafunzo yalikuwa kijitabu cha kurasa sita. Bwana Kimaro alinisomea huku anatembea. Hii ni sauna ya infraredi, alisema, mionzi ya joto isiyoonekana, inaingia mwilini, inatoa sumu. Basi. Akaondoka na simu yake. Nikawasha, nikaingia, nikakaa nikisubiri mvuke kama ule niliouona kwenye video za wageni. Dakika kumi, hakuna mvuke. Hewa ilikuwa vuguvugu tu. Nikasema moyoni, hili sanduku ni bovu, na mimi ndiye nitakayesingiziwa. Nikakumbuka kwamba kwenye zile video huwa wanamwagia maji mawe ya moto. Mawe sikuyaona. Lakini ukutani kulikuwa na vibao vyeusi vya moto, nikaona ndivyo mawe ya kisasa.

Nikachota ndoo.

Wanangu, sikuwahi kusikia mlio kama ule. Paa! Halafu kimya. Jikoni zikazima mashine, mapokezi kompyuta zikalala, friji zikatulia, na wageni ishirini waliokuwa wanasubiri chakula cha mchana wakabaki wanatazamana. Bwana Kimaro alinikuta nimesimama na ndoo tupu, nimelowa mpaka kwenye kilemba. "Mama Daudi," akasema, "ulikuwa unaipikia nini?"

Fundi alikuja kutoka Arusha kesho yake, na ndiye mtu wa kwanza kunieleza kitu nikakielewa. Alinitoa nje. Ilikuwa Julai, ile baridi ya Karatu ya kuvaa masweta mawili. Akanisimamisha nimeligeuzia jua mgongo. "Unasikia hewa?" "Baridi," nikasema. "Na mgongo?" "Wa moto." Akasema, "Basi umemaliza shule. Sauna ya kawaida inachemsha hewa, hewa inakuchemsha wewe. Hii inafanya kama hilo jua, inaupasha mwili moja kwa moja. Ndiyo maana hewa ya ndani haichomi. Na ukiimwagia tena maji, usinipigie simu, mpigie padri."

Tangu siku hiyo kila mgeni nilimweleza kwa mfano wa jua la asubuhi mgongoni, na hakuna aliyewahi kuniuliza mara mbili. Mkitaka kueleza kitu cha umeme, kitafutieni ndugu yake nje ya nyumba.

Lakini aliyenifundisha kazi yenyewe hakuwa fundi. Alikuwa Mzee Lemburis. Huyu alikuwa Mmaasai wa Ololosokwan, mrefu, masikio yametoboka vizuri, na kazi yake ilikuwa kuchochea boila la kuni lililopasha maji ya kuoga ya vyumba vyote. Boila lilikuwa hatua chache kutoka kwenye sauna yangu, kwa hiyo tulikuwa majirani wa joto. Aliniita yeyo, yaani mama, ingawa alikuwa na umri wa kunizaa. Kila mchana alikaa kwenye gogo lake akiniangalia ninavyohangaika na saa ya ukutani, nikihesabu dakika za mgeni.

Siku moja akaniuliza, "Yeyo, kwa nini unaangalia saa? Saa ndiyo iko ndani?"

"Kijitabu kinasema dakika thelathini, mzee."

"Ng'ombe nikimpeleka maji, siangalii saa. Naangalia masikio yake, naangalia anavyosimama. Ng'ombe hawezi kukuambia amechoka. Na hawa wageni wako ni hivyo hivyo, wana adabu sana. Atakufa huku anasema yuko sawa."

Akanipa mafunzo ambayo hayakuwa kwenye kijitabu. Mgeni wa mara ya kwanza, robo saa inatosha. Ongea naye kupitia mlango, hata habari za mvua. Anayejibu vizuri, mwache. Anayejibu hovyo, mtoe. Na akiwa mtu wa maneno mengi halafu akanyamaza ghafla, usisubiri, fungua mlango. Akitoka asisimame kwa haraka. Mwambie aweke nyayo chini, akae, apumue, anywe maji, ndipo ainuke. Mengine niliongeza mwenyewe kwa miaka: avue mkufu na bangili kwa sababu chuma kinashika moto, asiingie amekunywa bia, asiingie ametoka kula nyama choma ya mbuzi mzima, na kabla ya yote umuulize kama ana mimba, ana ugonjwa wa moyo, au anatumia dawa yoyote. Hilo la mwisho nitawaeleza nilijifunzaje, na msinihukumu mapema.

Kijitabu pia hakikusema lolote kuhusu usingizi. Palikuwa na bwana mmoja mnene, mcheshi sana, aliyeingia akalala. Mimi nilikuwa nje namsikia anavyokoroma na moyo wangu umetulia, kwa sababu mtu anayekoroma anapumua. Lakini ukoromaji wake ulipita kwenye mbao zile ukatoka umekuwa kitu kingine. Lodji yetu imepakana na msitu, na nyati huwa wanakuja mpaka bustanini. Askari wetu wa getini alisikia, akaja ananyata na tochi mkononi saa nane ya mchana, akanionyesha ishara nilale chini. Nikalala chini. Kumbe na mimi nilikuwa nimeamini! Tulilala pale kwenye nyasi wawili sisi, watu wazima, mpaka mlango ukafunguliwa na nyati akatoka amevaa taulo, akituuliza kama kuna chai.

Sasa tuje kwenye sumu.

Nilianza kuiamini siku niliyoiona kwa macho yangu. Mama mmoja, mgeni, alirudi kutoka kreta akapitiliza moja kwa moja saunani bila kuoga. Alikuwa na hamu. Alipotoka, akajifuta, akaniachia taulo. Wanangu, taulo ilikuwa nyeupe pee alipoingia. Sasa ilikuwa na rangi ya kutu. Usoni, shingoni, mikononi, kila alipojifuta paliacha alama nyekundu. Nikasema, kumbe ni kweli! Hiki kitu kinatoa sumu, na hii hapa sumu yenyewe nimeishika!

Niliibeba ile taulo mpaka kantini kama mtu aliyebeba sakramenti. Wenzangu wakasimama wote. Mpishi akasema hiyo ni dawa za kwenye vyakula vya makopo. Dada wa mapokezi akasema ni rangi za nywele. Tukaipitisha mkono kwa mkono, kila mtu akiguna. Nilikuwa na furaha ambayo sijui niieleze vipi. Nilikuwa mfua mashuka, na leo nilikuwa mtu anayetoa sumu kwenye miili ya watu!

Ikafika kwa Mzee Lemburis. Aliisogeza puani, akanusa. Akaikunja kidogo, akaisugua kwa kidole gumba. Akatazama kidole chake.

"Huyu mama alipanda gari lenye paa wazi?" akauliza.

"Ndiyo."

"Barabara ilikuwa kavu?"

"Kavu sana."

"Yeyo, hii sumu naijua. Iko kwenye miguu yangu. Iko kwenye sahani yako. Hii ni vumbi."

Kantini nzima iliangua kicheko. Mpishi aliketi chini. Mimi nilicheka pia, lakini kwa mdomo tu. Ndani niliona wivu, nikasema huyu mzee wa boila anajua nini kuhusu mionzi. Nikaitunza ile taulo. Na hapo ndipo nilipokosea kweli, siyo kwenye ile ndoo ya maji. Ndoo ilizima taa za lodji. Taulo ilikaribia kumzima dada yangu.

Dada yangu anaitwa Fabiola, ni mkubwa kwangu kwa miaka saba. Anakaa Endamarariek, ni mwimbaji wa kwaya, ana sauti ya kuvuka mabonde mawili, na ana presha. Hospitali walimpa vidonge vya kumeza kila siku. Nilipoenda kumsalimia nilimbebea ile taulo ndani ya mfuko. Sikumwambia kuhusu kidole gumba cha Mzee Lemburis. Nilimwambia, "Dada, ona kinachotoka ndani ya watu." Fabiola aliitazama, akashika kifua. "Yesu wangu! Na mimi niliyemeza vidonge miaka yote hii, mwilini kwangu kukoje?"

Nilipaswa kumwambia ukweli pale pale. Nilijibu, "Tutakutoa sumu yote."

Masika ilipoingia, wageni wakapungua, nikamwombea ruhusa kwa Bwana Kimaro. Fabiola alifika asubuhi na nguo za kanisani. Hakuwa amekula chochote tangu jana yake, wala kunywa maji, kwa sababu alisema sumu itoke kwenye chombo kitupu. Na kitu ambacho sikukijua, kwa kuwa sikuuliza, ni kwamba vidonge alikuwa ameviacha wiki tatu nyuma. Aliona ni kazi bure kuongeza uchafu wakati usafi umekaribia.

Nilimvalisha joho jeupe la lodji. Aligeuka kwenye kioo, akajipenda. "Nimekuwa mgeni," akasema. Akaingia, akakaa, akaanza kuimba nyimbo za kwaya. Sauti ilijaza bustani. Mpishi akatoka jikoni kusikiliza. Mimi niliegemea mlango, nacheka, naona dunia ni tamu. Akamaliza wimbo wa kwanza, akaanza wa pili. Nikaenda hatua mbili tatu kuchukua taulo, safari hii nikiwa na hamu ya kuona ya Fabiola itakuwa na rangi gani.

Nikasikia Mzee Lemburis anaita kutoka kwenye boila. Hakuita kwa sauti kubwa. "Yeyo. Dada yako amenyamaza katikati ya neno."

Sijui nilifikaje mlangoni. Fabiola alikuwa ameegemea kona, macho yamefunguka nusu, midomo imepauka. Nilimwita, hakujibu. Mzee Lemburis alikuwa amefika tayari, alimbeba kama ndama, akamlaza kwenye nyasi kivulini, akamwinua miguu juu ya gogo lake. Mpishi akaleta maji na vitambaa, tukampoza uso na shingo. Nilipiga kelele mpaka Bwana Kimaro akatoka bila simu. Gari pekee lililokuwepo lilikuwa pikapu ya mboga. Tulimlaza nyuma katikati ya kabichi, mimi nikashika kichwa chake, Mzee Lemburis akashika miguu, tukaondoka.

Na ilikuwa siku ya mnada. Karatu yote ilikuwa barabarani, mbuzi, mitumba, ng'ombe, watu kutoka kila kona ya wilaya. Pikapu ikawa inatambaa. Hapo katikati ya umati Fabiola akafumbua macho. Akaona mbingu. Akaona kabichi. Akaona Mmaasai ameshika miguu yake. Akajitazama, yuko kwenye joho la kuogea, na pembeni wanakwaya wenzake wawili wamesimama na vikapu, midomo wazi.

"Yustina," akaniambia kwa sauti ndogo, "kama nimekufa, nimekufa vibaya."

Nilicheka na kulia kwa wakati mmoja. Mzee Lemburis alicheka mpaka shanga zikalia.

Hospitali tulipokelewa na daktari mwanamke, kijana, mpole wa uso na mkali wa maneno. Wakamlaza, wakamtundikia dripu. Baadaye alitoka akasimama mbele yetu. "Mwili umekauka maji, hana chakula tumboni, na dawa ya presha ameacha bila kumwambia mtu. Akaingia kwenye joto. Nani alimwambia aache dawa?"

Bwana Kimaro aliangalia viatu vyake. Ningeweza kusema kwamba mimi sikumwambia aache, na isingekuwa uongo. Lakini nilijua nilichofanya. Nikasema, "Ni mimi. Nilimwonyesha taulo."

Nikamweleza yote, taulo, vumbi, kidole gumba. Nilidhani atanifukuza. Alivuta kiti, akakaa karibu yangu. "Mama, jasho ni la kuupoza mwili. Ni maji na chumvi, na vitu vingine kidogo sana. Ini na figo ndivyo vinavyosafisha, usiku na mchana, bila sanduku. Sauna yako si mbaya. Mtu mzima wa afya atapumzika, misuli italegea, atalala vizuri. Sema hayo. Hayo yanatosha." Kisha akanigusa bega. "Dada yako atapona. Anaomba atengenezwe nywele kabla wanakwaya hawajafika."

Nilirudi kazini kesho yake, nikaenda moja kwa moja kwenye mlango wa sauna. Palikuwa na kadi nzuri yenye maandishi ya dhahabu iliyosema sauna inatoa sumu zote mwilini kwa nusu saa. Nikaibandua, nikaiweka chini ya mashuka.

Bwana Kimaro hakuuliza mpaka wageni waliporudi, kiangazi kilipoingia. Alinikuta napanga taulo. "Mama Daudi, kadi iko wapi? Kesho linakuja kundi la watu kumi na wawili. Wamechagua lodji hii kwa sababu ya lile neno. Wageni wanalipenda."

"Dada yangu pia alilipenda, meneja."

Alikuwa mtu mzuri, msimwone vibaya, lakini na yeye alikuwa na mkubwa wake. "Nakuomba," akasema. "Wakiuliza, sema inatoa sumu. Wakikasirika wakaondoka, sitaweza kukutetea. Utarudi kufulia."

Sikulala vizuri. Kufulia si aibu, nimelea watoto wanne kwa kufulia, lakini niliipenda sauna yangu. Niliupenda uso wa mtu anayetoka pale amelegea kama ugali wa moto. Nikaomba, nikavaa sare, nikaenda.

Kumi na wawili walikuja mchana, wametoka kreta, wekundu kwa vumbi. Dereva wao, kijana wa Karatu anayejua Kiingereza mpaka ndoto anaota kwa Kiingereza, aliwaleta mpaka bustanini. Kiongozi wao alikuwa mama mrefu mwenye nywele za mvi zilizokatwa fupi. Bwana Kimaro alisimama nyuma yao, ananitazama kwa macho ya kuomba. Yule mama akauliza, "Sumu kiasi gani itatoka kwa nusu saa?"

Nikamjibu kwa Kiingereza changu cha lodji, kile cha maneno machache na tabasamu nyingi. Nikamwambia jasho litatoka, na mgongo uliopigwa na barabara ya kreta utalegea, na usiku atalala. Sumu, nikasema, ni kazi ya ini lako, mama, na linaifanya hata sasa hivi tunavyoongea.

Yule mama alikunja uso. Wakaanza kunong'onezana. Wawili wakachukua mikoba yao wakaelekea kwenye bwawa la kuogelea, mmoja anatikisa kichwa. Bwana Kimaro alifumba macho. Mimi niliziona ndoo za kufulia zikinijia zikitembea zenyewe.

Hapo ndipo bodaboda ilipoingia getini, na nyuma yake amekaa Fabiola.

Alikuwa amelishika joho la lodji mapajani, limefuliwa, limepigwa pasi, limekunjwa kama bendera. Alishuka, akatembea mpaka katikati ya wageni, akamkabidhi Bwana Kimaro mbele ya wote. "Baba, nimekurudishia nguo yako. Sikutaka kulala nayo kaburini."

Wageni wakamtazama dereva. Dereva akatafsiri. Fabiola akaona ana hadhira, na mwimbaji wa kwaya akiona hadhira hamwezi kumzuia. "Waambie mimi ndiye niliyetolewa sumu hapa," akamwambia dereva. "Nilitolewa sumu mpaka nikatolewa mimi mwenyewe, miguu mbele!" Akaeleza njaa, akaeleza kuacha dawa, akaeleza kabichi. Akaonyesha alivyolala, macho nusu. Akaigiza wanakwaya na vikapu. Dereva alishindwa kutafsiri kwa kicheko, ikabidi arudie. Kisha Fabiola akafungua mkoba, akatoa vidonge vyake, akaviinua juu. "Hivi vyangu nameza kila asubuhi. Kama na ninyi mna vya kwenu, mezeni, mwambieni mdogo wangu, halafu ndiyo mkae kwenye kabati lake. Ni kabati zuri. Mgongo wangu ulikuwa umeanza kulegea kabla sijazimia."

Yule mama mrefu alicheka mpaka akamshika Fabiola mkono ili asianguke. Akageuka kwa wenzake. Mzee mmoja akainua mkono, akasema kwamba na yeye ana dawa za moyo na hakuwa amemwambia mtu. Nikamwambia basi yeye atakaa nje na mimi tupige hadithi mpaka aongee na daktari wake, akakubali. Na kweli alibaki kwenye gogo la Mzee Lemburis mchana wote, hawaelewani neno hata moja, wameshikana mabega wanaangalia moto.

Tisa waliingia, wawili wawili, wa mwisho peke yake, kila mmoja na chupa ya maji. Hakuna aliyezimia. Taulo zilitoka nyekundu kama kawaida, na safari hii niliwaonyesha wote nikiwaambia, "Hii ni zawadi kutoka Ngorongoro." Walipiga nazo picha.

Bwana Kimaro aliandika kadi mpya kwa mkono wake jioni ile. Ilisema: Sauna. Pumzika. Kunywa maji. Mwambie Mama Daudi kama unatumia dawa. Herufi hazikuwa za dhahabu. Mzee Lemburis aliitazama akasema sasa hata ng'ombe anaweza kuielewa, na kwake hiyo ilikuwa sifa kubwa.

Kwa hiyo wanangu, mtakutana na maneno matamu kwenye kazi hii. Mtapewa makadi mazuri. Mtu mwenye maumivu anaamini haraka, na anayempenda mwambiaji anaamini haraka zaidi. Muulizeni mgeni anameza nini kabla ya kumuuliza anataka mafuta ya harufu gani. Ongeeni naye mlangoni. Na mkiona kitu cha ajabu kwenye taulo, mpelekeeni mtu anayeijua barabara.

Siku yangu ya mwisho kazini walinifanyia njama. Walinivua aproni, wakanivalisha joho, wakanisukuma ndani ya sauna kama mgeni. Mpishi alikuja mlangoni akaniuliza habari za mvua. Mzee Lemburis, ambaye alikuwa amestaafu kabla yangu, alikuja kutoka Ololosokwan kwa ajili hiyo, akakaa nje ananisikiliza ninavyojibu. Fabiola aliimba upande wa nje, salama kabisa. Nikakaa na lile jua lisiloonekana mgongoni, magoti yangu ya miaka yote ya kufulia yakalainika, nikacheka peke yangu mle ndani kama mwendawazimu.

Nilipotoka nikakaa, nikaweka nyayo chini, nikanywa maji. Bwana Kimaro alikuwa amesimama na fomu ya mteja mkononi na kalamu tayari, amejikaza uso kama mtu wa serikali.

"Mama Daudi, hapa kuna sehemu ya matokeo. Niandike nini?"

Nilijisikiliza mwili mzima, kuanzia kisigino mpaka utosini, kwa sababu nilitaka kumpa jibu la kweli.

"Andika," nikamwambia, "mteja ametoka na njaa."

Akaandika. Tukaenda kula.